Dakika Saba

Mimi ni mpiga chapa wa mahakama, hapa Duluth,
mwaka wa kumi na tisa sasa.
Silipwi kuamini. Nalipwa kunasa:
aliyekohoa simwandiki,
aliyeapa namwandika.

Siku ile ya Februari, ziwa limeganda hadi gatini,
aliletwa Chue Neng Thao, fundi wa mabomba,
koti la kuazima, mikono yake ikimeza vidole.
Nyuma yake mama yake, na mkalimani wa Kihmong
akimnong'oneza kila neno mara mbili,
ya kwanza kwa lugha, ya pili kwa huruma.

Shauri lenyewe halikuwa refu.
Taa ya nyuma, upande wa kushoto, imepasuka.
Afisa Halvorsen alimsimamisha saa nne na dakika kumi usiku,
akatazama leseni, akatazama bima,
akaandika onyo, akalichana, akampa.
Kila kitu kikarudi mkononi mwa mwenyewe.
Hapo, alisema wakili, mtu huwasha gari akaenda kulala.
Lakini afisa alisema: "Subiri kidogo."

Kidogo.
Neno hili nimelipiga chapa mara nyingi kuliko jina langu.
Kidogo hicho kilikuwa mbwa,
na mbwa alikuwa ng'ambo ya mji.
Alipofika akalizunguka gari mara moja, akaketi.
Chini ya gurudumu la akiba, ndani ya soksi ya mtoto,
vidonge mia mbili na kumi, rangi ya samawati.

Naijua rangi hiyo.
Mpwa wangu Annika alikutwa nayo ulimini.
Hilo sikuliandika. Hakuna aliyeniapisha.

Mwendesha mashtaka akasimama: dakika saba ni nini, mheshimiwa?
Mtu huzimaliza akitafuta funguo.
Jaji Wieczorek akavua miwani.
"Basi tuzikae," alisema.
"Hakuna kutoka. Hakuna simu.
Mikono juu ya meza, ionekane."

Tukazikaa.

Ya kwanza tulitabasamu.
Ya pili bomba la joto likaanza kugonga ukutani.
Ya tatu Halvorsen akataka kuitazama saa yake,
akagundua mkono umeondoka mezani, akaurudisha.
Mtu alitaka kujikuna, akaomba ruhusa kwa macho.
Ya nne, ya tano, sikumbuki; nilikuwa nahesabu vidole vyangu
juu ya mashine isiyo na la kuandika.
Ya sita mama yake Chue Neng aliinua uso,
akatutazama mmoja mmoja, taratibu,
kama mwenye nyumba anayewatambua wageni waliochelewa.

Ya saba haikuisha. Ilibidi jaji aseme imetosha.

Uamuzi ulikuwa kurasa tatu.
Onyo lilipokabidhiwa, mamlaka ya barabarani yalikoma.
Sababu ya kumshuku haikuwepo,
ila usiku, na jina gumu kutamka.
Kilichopatikana baadaye hakiwezi kurudi nyuma
kukihalalisha kilichokitafuta.
Ushahidi umeondolewa.
Nilipiga kila herufi. Vidole havikutetemeka;
tumbo ndilo lililotetemeka.

Alinipita kwenye ngazi, huru, koti likimvuka magoti.
Hakunitazama, wala sikutaka.
Nilimchukia. Bado namchukia kidogo,
kidogo kile kile cha Halvorsen.

Usiku nilibaki kusahihisha nakala.
Kati ya "ionekane" na "imetosha"
kuna mstari mmoja, neno moja, langu:
Kimya.
Karani mkuu aliuliza kama niufute,
maana kumbukumbu haihifadhi kisichosemwa.
Nimeuacha.

Kisha nikakaa garini, injini inanguruma,
nikisubiri barafu iachie kioo.
Iliachia baada ya dakika nne.
Nilizihesabu.